Mbwa mdogo anayeringa na chakula: pima kwanza kabla hujaanza kumbembeleza

Malalamiko ya watu wenye hawa mbwa wadogo wa ndani, Maltese, Chihuahua, Yorkie, Shih Tzu, Japanese Spitz, yanafanana sana: "wangu hali kabisa, ananusa bakuli anaondoka zake". Halafu ukimuona mbwa mwenyewe kajaa, manyoya yanang'aa, na friji ikifunguliwa tu kashafika kabla ya watoto. Jamani huyo hajakataa kula, huyo kashiba, au kashajua kwamba akivumilia nusu saa kuna kitu kitamu zaidi kinakuja. Kwa hiyo usikimbilie dukani kununua chakula cha bei mara mbili, chukua kwanza kikombe na mzani.

Hesabu yenyewe ni hii. Mbwa wa kilo 3 aliyekomaa na anayeshinda ndani anahitaji kama kalori 250 na kitu kwa siku nzima, wa kilo 5 anafika 370 au 400 hivi kama ni mkimbiaji. Zile punje kavu za dukani nyingi zina kalori kati ya 350 na 400 kwa gramu 100, soma nyuma ya mfuko wameandika. Maana yake yule wa kilo 3 anatakiwa ale gramu 70 tu hivi kwa siku, asubuhi na jioni ukijumlisha, hata kikombe cha chai hakijai! Sasa mtu anajaza bakuli lote kama anamlisha mbwa wa getini, likibaki robo tatu anasema mbwa hali. Ongeza na vya pembeni sasa: yai moja la kuchemsha ni kalori 70, hiyo ni zaidi ya robo ya siku yake, na chapati moja ya mafuta inaweza kufika 250 mpaka 300, yaani ukimmegea vipande vipande wakati wa chai ikaisha yote, kashamaliza chakula cha kutwa nzima kabla hata hujamtengea.

Na tatizo sio wewe peke yako. Mtoto anadondosha biskuti, dada wa jikoni anampa ukoko, bibi anamuonea huruma anampa mnofu wa samaki, mlinzi nae ana kipande chake cha mkate, kila mtu anajua katoa kidogo tu na kila mtu anasema ukweli. Dawa yake ni kopo moja. Asubuhi pima chakula chake cha siku weka kwenye kopo lenye mfuniko, na waambie watu wote wa nyumba kwamba anayetaka kumpa mbwa chochote achukue humo humo. Kopo likiisha limeisha. Bibi atagoma siku mbili tatu, mpe yeye jukumu la kutenga mlo wa jioni, atatulia.

Ila kabla hujaanza kumtia adabu jiulize swali moja: huyu ameringa tangu zamani, au alikuwa anakula vizuri kaacha ghafla? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mbwa aliyekuwa mlaji akaacha ghafla, kwa huku kwetu, cha kwanza cha kumuwazia ni homa ya kupe. Kupe mmoja tu anatosha na hawa wa ndani nao wanapata, wanaletwa na nguo, majani, mbwa wa jirani. Kagua ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkanda wa shingo. Halafu funua mdomo uangalie ufizi, unatakiwa uwe wa pinki, ukiwa mweupe au wa njano usisubiri kesho. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 mpaka 39.2, kwa hiyo kumshika masikio na kusema "mbona ana moto" haisaidii kitu, kapimwe. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, au damu inatoka puani, hiyo ni haraka sana.

Cha pili meno. Hawa mbwa wadogo wamebanana meno kwenye kidomo kidogo, na wengi wana tabia ya meno ya utotoni kugoma kung'oka, la ukubwani linaota pembeni yake, mabaki ya chakula yanakwama hapo na ufizi unaoza. Ukimuona anakuja kwenye bakuli kwa hamu, anachukua punje, anaidondosha, au anatafunia upande mmoja, na mdomo unanuka, huyo anataka kula ila anaumia, ukimbadilishia chakula mara kumi utapoteza hela bure. Minyoo pia, kama miezi mitatu imepita hajapewa dawa mpe, dozi ipimwe kwa uzito wake sio kukadiria. Na dume akisikia harufu ya jike aliye kwenye joto mtaa wa pili anaweza kususa chakula siku kadhaa, huyo hana ugonjwa, ana mawazo tu.

Kama anachezacheza, anakunywa maji, anapata choo kizuri, haharishi hatapiki na uzito hausogei, basi huyo anadeka na tuendelee. Uzito usiangalie kwa macho maana manyoya yanadanganya, Maltese anaweza akawa mifupa mitupu na bado akaonekana mnene. Pitisha vidole mbavuni, ukizigusa bila kubonyeza yuko sawa, ukizitafuta kanenepa. Mzani wa bafuni kwa mbwa wa kilo 3 sio mzuri, unakosea kirahisi gramu mia mbili tatu na kwake hizo ni nyingi mno, tumia ule mdogo wa kupimia mabegi ya safari, mtie mbwa kwenye kikapu ninginiza, kisha toa uzito wa kikapu. Pima kila wiki uandike.

Sasa njia yenyewe. Milo miwili, saa zile zile kila siku. Kwa joto la Dar kuanzia Desemba mpaka Machi mlo wa mchana sahau, hata wewe mwenyewe hutaki kula, mtengee saa kumi na mbili asubuhi na saa moja usiku kukipoa. Weka bakuli chini, ondoka, usimkodolee macho, usimuite jina, usimsukumie bakuli puani. Dakika 15 au 20 zikipita toa bakuli hata kama hajagusa, na hakuna kitu kingine mpaka mlo unaofuata, maji tu ndo yanabaki muda wote. Siku ya kwanza atakuangalia kama umemuibia, atakaa chini ya meza atalia kwa kale kasauti kembamba wanakokajua wao, na hapa ndo wengi wanashindwa wanatoa soseji. Ukitoa soseji umemfundisha kwamba kulia dakika arobaini kunalipa, kesho atalia dakika hamsini. Na kumlisha kwa mkono kochini acha kabisa, anazoea haraka, halafu siku umesafiri hali kwa mtu mwingine.

Mpaka wake ni huu: mbwa aliyekomaa mwenye afya akipitisha masaa 24 hajaweka kitu chochote mdomoni, simamisha hilo zoezi umuone daktari wa mifugo. Na hii njia ni kwa waliokomaa TU. Katoto ka mbwa wadogo hakaachwi na njaa. Sukari ya mwilini inashuka haraka sana, anaanza kutetemeka, anatembea kama kalewa, anazimia. Chini ya miezi minne mpe mara tatu mpaka nne kwa siku, na ukiziona hizo dalili mpake asali kidogo au sukari iliyoyeyushwa kwenye ufizi, sio kummiminia kooni akapaliwa, huku unatoka mlangoni kwenda kwa daktari. Katoto kanatapika na kuharisha damu hapo hata usiwaze mambo ya kuringa, inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa.

Tuje kwenye chakula chenyewe maana mara nyingine mbwa ana haki yake. Mfuko wa kilo 20 unaonekana nafuu ukigawanya bei, ila mbwa anayekula gramu 70 kwa siku ataumaliza baada ya miezi tisa na zaidi, na mafuta yaliyo kwenye zile punje yanachacha kwa hewa na joto hili zamani sana kabla ya hapo. Wewe husikii, yeye anasikia. Nunua wa kilo 2, utaisha ndani ya mwezi mmoja hivi, ukunje mdomo utoe hewa ubane na kibanio, uache humo humo kwenye mfuko wake badala ya kumwaga kwenye ndoo ambayo ina mafuta ya zamani ukutani. Zile za kupima za dukani ambazo mfuko uko wazi tangu hujui lini mimi sishauri. Chagua pia punje ndogo, kuna punje zingine ukubwa wake ni wa mbwa wa polisi.

Harufu ndo kila kitu kwao, ulimi wao una vionjio kama 1,700 tu wakati wetu una kama 9,000, kwa hiyo chakula kisichonuka kwake hakina ladha. Mimina vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu juu ya punje, subiri dakika tano, harufu inapanda, mara nyingi hiyo tu inatosha na haina gharama. Supu ya kuku pia sawa ila iwe imechemshwa kuku na maji basi, bila kitunguu, bila chumvi, bila vile vidonge vya supu. Ukitaka kuongeza kitu, chemsha ini, liponde, kijiko kimoja cha chai kinatosha, na LICHANGANYE, paka kila punje, maana ukiweka juu atalamba juu akuachie za chini, hawa wana akili. Dagaa wa Mwanza ni wazuri sana kwa kazi hii: wachambue, waoshe maji matatu manne mpaka mchanga uishe, wakaange bila mafuta wakauke, saga unga, weka kwenye kichupa, nyunyiza kidogo tu kila mlo. Dagaa wa chumvi hapana. Jumla ya vikorombwezo isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, kwa yule wa kilo 3 hiyo ni kalori 25, theluthi ya yai. Na ukibadilisha aina ya chakula changanya cha zamani na kipya, robo, nusu, robo tatu, kwa siku 7 mpaka 10, ukibadilisha ghafla ataharisha halafu utasema chakula kibaya.

Bakuli nalo liangalie. Shih Tzu na Pug wenye sura bapa wanateseka na bakuli refu, wape sahani. Wengine wanaogopa kengele ya shingoni ikigonga bakuli la bati, unaona anakula kidogo anaruka nyuma. Na kama kuna mbwa mkubwa hapo nyumbani usiwalishe pamoja, huyu mdogo anakula huku anaangalia mgongo wake, mfungie chumbani ale kwa raha.

Wanaopika nyumbani, kuku asiye na mifupa, wali, boga au karoti, ni sawa kwa siku chache, ila ukitaka iwe hivyo mwaka mzima ongea na daktari, nyama na wali peke yake haina kalsiamu ya kutosha na mtoto wa mbwa anayekua atapinda miguu. Ugali kidogo haumdhuru lakini unga uwe ule ule mnaokula nyinyi. Watu wana tabia ya kupeleka unga uliooza au wenye ukungu kwa mbwa, eti ni mbwa tu, na mbwa ndo anaathirika vibaya na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, ini linakufa. Ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilitoka kwenye mahindi. Kwa hiyo mbwa akikataa pumba zenye harufu ya ukungu usimlazimishe, yuko sahihi kuliko wewe.

Vya kutompa hata akilia machozi: kitunguu maji na kitunguu saumu hata vilivyopikwa, kwa hiyo mchuzi na rosti zetu zote hizo hapana, zabibu mbichi na kavu, angalia pilau na biriani za wageni, chokoleti, bigijii zisizo na sukari maana nyingi zina zailitoli (kitia utamu ambacho kwa mbwa ni sumu), pombe, mifupa ya kuku iliyopikwa inayopasuka vipande vikali, gunzi la mahindi ya kuchoma na kokwa la embe ambavyo vinaziba utumbo. Akishakula kimojawapo usimnyweshe maji ya chumvi kumtapisha, wala mafuta, na maziwa hayaondoi sumu hata kama jirani kasema. Mbebe na pakiti au mabaki ya alichokula, mwambie daktari alikula kiasi gani, saa ngapi, na ana kilo ngapi.