Namna ya Kutazama Filamu Zinazosimulia Mapenzi ya Uzeeni

Filamu inayosimulia hamu na mahaba ya watu waliopindukia miaka 60 haitazamwi kama filamu ya vijana, kwa sababu yaliyo mazito ndani yake mara nyingi hayatamkwi; yamo mikononi, kitandani, na katika muda ambao kamera inakubali kutulia juu ya uso wenye mikunjo. Anayengojea busu la mwisho litatue kila kitu ataondoka mikono mitupu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: filamu huwatendea haki wazee pale inapowaacha watamani, si pale inapowahurumia tu au kuwafanya kichekesho.

Kwa hiyo chagua filamu ambayo mzee mwenyewe ndiye mwamuzi, na uamuzi wake una gharama. Ya kuanzia iwe "Our Souls at Night" ya mwaka 2017, kwa kuwa ni nyepesi kufuatwa. Addie, ambaye ni mjane, anabisha hodi kwa jirani yake Louis, naye ni mgane, akamwomba awe anakuja kulala kwake, si kwa ajili ya tendo la ndoa bali wapate kuzungumza gizani mpaka usingizi uwachukue. Kabla ya kuitazama, itafute kwanza "Barefoot in the Park" ya mwaka 1967, ambamo waigizaji haohao, Jane Fonda na Robert Redford, walikuwa maharusi wapya. Miaka 50 iliyopita kati ya filamu hizo mbili haikupakwa usoni na mpambaji, wameiishi. Utakapowaona wamelala ubavu kwa ubavu wakioneana haya, utakuwa umebeba kumbukumbu ya ujana wao, na hapo itakujia wazi kwamba mzee anayetamani ni mtu yuleyule aliyetamani zamani.

Kisha jizoeze kuangalia mikono. Katika "45 Years" ya Andrew Haigh, iliyotoka mwaka 2015, zimebaki siku chache kabla ya sherehe ya miaka 45 ya ndoa wakati mume anapopata barua kwamba mwili wa mpenzi wake wa kale, aliyekufa kwa ajali milimani, umeonekana ndani ya barafu ya Uswisi. Hakuna ugomvi mkubwa. Mke anapanda darini peke yake, anawasha projekta ya slaidi, na picha za yule mwanamke zinapita mbele yake moja baada ya nyingine, hadi inapofika ile inayoonyesha kwamba alikuwa mjamzito. Uso wa Charlotte Rampling, anayemwigiza mke huyo, hautikisiki sana hapo, lakini usiuache. Mwishoni wanandoa wanacheza wimbo uleule uliopigwa siku ya harusi yao. Mume anainua mikono yao juu kwa furaha, naye mke anauchomoa wake kwa ghafla. Rudisha nyuma sekunde hizo na uzitazame tena bila sauti. Wivu wake juu ya marehemu hauna tofauti na wivu wa msichana wa miaka 20, isipokuwa yeye hana tena miaka 45 mingine ya kuusahaulia.

Swali la kushika kila unapotazama ni hili: nani anayesimama mlangoni kuwazuia? Mwongozaji wa Kijerumani Rainer Werner Fassbinder alilijibu vizuri kuliko wengi mwaka 1974 katika filamu yake "Angst essen Seele auf" (yaani, hofu hula roho). Emmi, mjane anayefanya kazi ya usafi nchini Ujerumani, anaolewa na Ali, kibarua kutoka Moroko aliye mdogo sana kwake. Anapowatambulisha wanawe mume huyo mpya, kamera inapita polepole kwenye nyuso zao zilizoganda, kisha mmoja wa wana hao anainuka na kuipiga televisheni mateke mpaka inavunjika. Umri, rangi na asili vyote vimo katika teke lile. Lakini tukio linaloniumiza zaidi linakuja baadaye, mwana huyohuyo anaporudi kwa upole kwa sababu anahitaji mtu wa kumlelea mtoto. Weka daftari karibu na uandike anayekataza anaogopa kupoteza nini. Mara nyingi utagundua kwamba hoja yake ya heshima imeficha haja yake mwenyewe.

"Amour" ya Michael Haneke, iliyopata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2012, isiwe ya kwanza kamwe. Ukiitazama na mtu aliyewahi kumuuguza mwenzi wake, mweleze mapema kwamba inahusu kiharusi na kifo. Mapema kabisa, wanandoa hao wanarudi nyumbani kutoka kwenye onyesho la muziki, na mume, mwenye umri unaopita miaka 80, anamsifu mkewe jinsi alivyopendeza usiku ule. Lishike neno hilo. Baadaye atamnyanyua, atamlisha na kumnywesha maji, na usipokuwa umelishika utadhani unaona uuguzi peke yake.

Ukitazama pamoja na mzee wako, usimuulize kama na yeye anajisikia hivyo. Swali hilo humfunga mdomo hata aliye mchangamfu. Muulize juu ya mhusika: je, Addie alikosea kubisha hodi? Atakayoyasema juu ya Addie huenda yakawa yake, naye ndiye wa kuamua ayakiri au asiyakiri. Akinyamaza, nawe nyamaza, na usiwashe taa mpaka majina yote yamalize kupita kwenye skrini.