Jinsi ya Kukagua Risiva ya Springfield M1903 Kabla ya Kuifyatua

Ukipata bunduki ya Kimarekani ya Springfield M1903, hakikisha kwanza kwamba haina risasi, kisha soma jina la kiwanda na namba vilivyochorwa juu ya risiva, yaani kile kiunzi cha chuma kinachoshikilia mtutu na bolti (kipande kinachosogezwa kufungia risasi ndani ya mtutu). Ikiwa ilitengenezwa Springfield Armory na namba yake iko chini ya 800,000, au Rock Island Arsenal chini ya 285,507, usiifyatue kamwe.

Tatizo limo katika chuma chenyewe. Hadi mwanzoni mwa 1918 mafundi walikadiria joto la tanuri kwa kutazama rangi ya chuma, na kwa kuwa rangi hiyo huonekana hafifu penye mwanga mkali wa jua kuliko siku ya mawingu, baadhi ya risiva ziliunguzwa kupita kiasi, zikawa ngumu lakini rahisi kuvunjika. Ganda la risasi likipasuka na gesi ikatoroka, risiva ya aina hiyo inaweza kumeguka vipande karibu kabisa na uso wa mpigaji.

Wapo wanaoamini kwamba kuitia moto upya kunaiponya. Siafiki, kwani chuma kilichoungua hakirudi kuwa kizima. Wala tarehe iliyo kwenye mtutu isikupumbaze, maana mitutu mingi ilibadilishwa baadaye juu ya risiva zile zile za zamani.

Hata namba ikiwa ya juu, mpe fundi wa bunduki apime kwa geji nafasi iliyopo kati ya bolti na kitako cha risasi.