Namna ya Kusoma Jedwali la Mkimbiaji wa NFL Bila Kudanganyika

Kila mkimbiaji wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, yaani yule anayekabidhiwa mpira na kwotabeki (mrusha pasi na kiongozi wa mashambulizi) kisha akajitosa katikati ya miili, ana jedwali lake mtandaoni: msimu mmoja mstari mmoja, na chini kabisa jumla. Macho hukimbilia jumla. Iache mpaka mwisho, maana inaeleza zaidi mtu alidumu kazini muda gani kuliko alikuwa mkimbiaji wa namna gani. Emmitt Smith anaongoza orodha ya wakati wote kwa yadi 18,355 za kusogeza mpira mbele kwa kukimbia, ila alizikusanya katika mechi 226. Jim Brown ana 12,312 katika mechi 118. Ukigawanya, Smith anapata yadi 81.2 kwa mechi na Brown 104.3.

Kwa hiyo anza na safu ya G, idadi ya mechi. Hapa kuna mtego wa kihistoria: msimu haukuwa na urefu uleule siku zote. Kuanzia 1947 hadi 1960 timu ya NFL ilicheza mechi 12, kuanzia 1961 zikawa 14, 1978 zikawa 16, na tangu 2021 ni 17. Migomo ya wachezaji nayo ilikata msimu wa 1982 ukabaki mechi 9, na wa 1987 ukabaki 15, basi ukiona mkimbiaji wa enzi hizo ameporomoka ghafla, tazama kwanza mwaka. Rekodi ya msimu mmoja ni ya Eric Dickerson, yadi 2,105 mwaka 1984, kwa mechi 16. O.J. Simpson alipata 2,003 mwaka 1973 kwa mechi 14. Kwa mechi moja moja, Simpson yuko juu: 143.1 dhidi ya 131.6.

Kisha soma Att, mara alizobeba mpira, sambamba na Y/A, wastani wa yadi kwa kila mbebo. Wastani ndio unaodanganya watu wengi, na ni rahisi kuona kwa nini. Chukua wakimbiaji wawili wa kubuni, kila mmoja amebeba mpira mara 10. Wa kwanza amepata 2, 3, 1, 4, 0, 3, 2, hasara ya 1, 3, halafu akachomoka yadi 63. Jumla 80, wastani 8.0. Wa pili amepata 4, 5, 3, 4, 6, 4, 3, 5, 4, 4. Jumla 42, wastani 4.2. Kwenye karatasi wa kwanza ni karibu mara mbili ya mwenzake. Lakini timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na mara nyingi kinachotakiwa ni yadi 3 za kuendeleza mashambulizi. Wa pili amezifikisha mara zote 10. Wa kwanza mara 5 tu. Ondoa ile mbio ndefu na wastani wake unashuka hadi 1.9. Ndiyo maana safu ya Lng, mbio ndefu kuliko zote, lazima isomwe pamoja na wastani. Hatusemi mbio ya yadi 63 si kitu, maana imeshinda mechi nyingi. Tunasema tu kwamba mtu wa aina hiyo anahitaji timu inayoweza kuvumilia mbebo tisa za njaa.

Kumbuka pia kwamba yadi huhesabiwa kuanzia mstari mpira ulipowekwa, si pale mkimbiaji alipoupokea. Akipokea yadi 5 nyuma ya mstari na mlinzi akamdaka palepale, anaandikiwa hasara ya 5 hata kama kosa lilikuwa la mzuiaji wa mbele. Jedwali halitofautishi.

Safu ya TD, yaani mara alizofunga kwa kuingiza mpira eneo la mwisho la wapinzani, ipite haraka. Anayeingiza mpira mara nyingi huenda ni yule tu anayeitwa ikibaki yadi moja. Septemba 2004 Jerome Bettis alibeba mpira mara 5, akapata jumla ya yadi 1, na akafunga mara 3.

Kwenye Fmb, hapo tulia. Hizi ni mara alizodondosha mpira, hata kama mwenzake aliuokota; mara timu ilipoupoteza kabisa huwa na safu yake, FL. Tumia Fmb, kwa sababu mpira ukishaanguka nani anauokota ni bahati zaidi kuliko ufundi. Jumlisha mbebo na pasi alizodaka, gawanya kwa mara alizodondosha. Tiki Barber wa New York Giants, 2003: mbebo 278, pasi 69, akadondosha mara 9. Ni mara moja kwa kila 39 hivi, hesabu ya kumpeleka mtu benchi. Mwaka 2004 akaja kocha Tom Coughlin na Barber akafundishwa upya kushika mpira. Mwaka 2005 aliugusa mara 411, akadondosha mara moja tu, na akapata yadi 1,860.

Kilichobadilika ni pembe ya mkono. Mpira hushikwa sehemu kadhaa kwa pamoja: vidole vimefunika ncha ya mbele, kiganja na mkono vimeubana, ncha ya nyuma imezama kwenye kiwiko, na ubavu unaukandamiza kwa ndani. Mkimbiaji akiyumbisha mkono kama mwanariadha, kiwiko kinaachana na mbavu, nafasi inafunguka nyuma, na mlinzi anayemfukuza anaupiga mpira ngumi kutoka huko. Dawa yake ni kuuinua juu hadi kifuani, kifundo cha mkono kikiwa juu ya kiwiko. Ukitazama mechi, angalia nafasi hiyo kati ya mpira na mbavu. Utajua nani ataudondosha kabla hajaguswa.

Baada ya hapo tafuta mzigo. Msimu wenye mbebo zinazokaribia 400 usome pamoja na msimu unaoufuata. Larry Johnson wa Kansas City Chiefs alibeba mara 416 mwaka 2006, ambayo ni rekodi. Mwaka 2007 akacheza mechi 8 tu. DeMarco Murray alibeba 392 akiwa Dallas mwaka 2014, na mwaka uliofuata, Philadelphia, wastani wake ukashuka kutoka 4.7 hadi 3.6. Lakini usiifanye sheria: Dickerson alibeba 390 mwaka 1983 kisha akavunja rekodi mwaka 1984.

Mistari ya mwisho ya jedwali nayo ina hila yake. Smith alipohamia Arizona mwaka 2003 alipata yadi 256 kwa mbebo 90, wastani 2.8, na misimu ya namna hiyo huvuta chini wastani wa maisha. Barry Sanders hakuisubiri. Baada ya yadi 1,491 mwaka 1998 alistaafu, akiwa amebakiza yadi 1,457 tu kumfikia Walter Payton, aliyekuwa kileleni wakati huo. Wastani wake wa 5.0 haukupata nafasi ya kuzeeka. Ukitaka kulinganisha wawili kwa haki, linganisha misimu kumi ya kwanza ya kila mmoja.

Mechi za mtoano huwa na jedwali pembeni, nalo husahaulika. Terrell Davis ana yadi 7,607 tu za msimu wa kawaida, mechi 78, kwa sababu goti lilimkatiza. Fungua jedwali la pili: yadi 1,140 kwa mechi 8.

Kuna kazi moja isiyo na safu kabisa katika jedwali la kawaida: kumzuia mlinzi anayemvamia kwotabeki. Kuiona, tazama jaribio la tatu likiwa limebaki yadi 7 au zaidi, ambapo kila mtu anajua pasi inakuja. Akiwa bado uwanjani, kocha anamwamini. Akitolewa kila mara na mwingine akaingia, yadi zake 1,200 zisome ukijua hilo.