Viluwiluwi kwanza, kitabu baadaye: Sayansi na Kiswahili kwa pamoja Darasa la Tatu

Nafundisha Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, na Sayansi na Kiswahili yote mawili ni yangu. Wanafunzi ni wengi, vitabu vya kiada ni vichache, na kila mwaka napokea watoto ambao bado wanavuta silabi moja moja. Mtoto wa namna hiyo ukimfungulia ukurasa wa hatua za ukuaji wa mbu atasoma "la-va", atasoma "pu-pa", akimaliza hajui kasoma nini. Ndiyo maana mimi naanza na macho. Wanaona, wanasema, wanaandika walichokiona, halafu kitabu kinafunguliwa wakiwa tayari wana la kubishana nacho.

Nitaeleza kwa mada ya mbu, kwa sababu mbu habagui shule tajiri na maskini, na kwetu malaria si hadithi. Mada inachukua kama wiki mbili, maana yai likiwa kwenye maji ya joto hufika kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi na nne hivi.

Kabla ya kuanza

Weka ndoo ya maji yenye majani makavu kivulini nyuma ya darasa. Baada ya siku chache utaona viluwiluwi, yaani lava wa mbu. Usiwatume watoto mtoni wala bwawani kuwatafuta. Huko kuna kichocho, na wengine hawajui kuogelea. Kata chupa za plastiki za lita moja na nusu, tia maji ya ndoo hiyo hiyo pamoja na viluwiluwi watano au sita kila chupa, kisha funika kwa kipande cha chandarua kisicho na tundu na ufunge kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kifuniko hiki usikifanyie mzaha. Mbu wengi wanaozaliana kwenye ndoo, vifuu na matairi ni Aedes, wale wanaoeneza dengue, na hutaki watoke wakakae chini ya madawati.

Chupa moja kwa kundi la watoto wanane inatosha. Ndani ya kundi mmoja anaandika, mmoja anachora, mmoja anasema mbele ya darasa, waliobaki wanatazama na kubisha. Kazi zinazunguka kila siku, la sivyo yule mwenye mwandiko mzuri atakuwa karani wa kundi mpaka mada iishe.

Siku ya kwanza: usitaje jina

Gawa chupa ukae kimya. Watoto watasema wenyewe, na wewe andika ubaoni maneno yao kama walivyoyatamka: anabinuka, anajikunja, anajinyoosha, ananing'inia, anapanda kuvuta hewa, anacheza kiduku. Hata kiduku niliandika. Vitenzi hivi ndivyo msamiati wa wiki nzima, na yule anayevuta silabi atalisoma "ananing'inia" kwa sababu amemwona mwenye kuning'inia.

Kisha kila mtoto akunje ukurasa wa daftari katikati. Upande wa kushoto aandike Nimeona, wa kulia Nadhani. Kwenye Nadhani lazima sentensi iwe na "kwa sababu". Huu mstari wa katikati ndio sayansi yenyewe, na utagombaniwa. Mtoto ataandika kushoto kwamba kiluwiluwi amelala. Muulize: umeona usingizi? Atafikiri, atafuta, ataandika "hatembei", na kulala kutahamia kulia: "Nadhani amelala kwa sababu hatembei." Mwenzake atagonga chupa, kiluwiluwi atashuka chini mbio, na sentensi itabadilika tena. Acha zile za mwanzo zionekane. Nawaambia wapige mstari mmoja juu ya maneno, wasipake wino mpaka karatasi itoboke.

Asiyeweza kuandika achore na kuweka mishale, kisha aniambie sentensi yake. Naiandika kwenye kipande cha manila, anaisoma kwa kidole, anaibandika chini ya mchoro. Kesho yake naukata ule ukanda neno kwa neno, anapanga upya. Mtoto husoma sentensi yake mwenyewe kwa ujasiri ambao kitabu cha kiada hakijawahi kumpa.

Kiluwiluwi kinaogelea au anaogelea?

Hapa kaa kidogo, kwa sababu kipindi cha Sayansi kinageuka cha Kiswahili bila kulazimishwa. Kundi moja litaandika "kiluwiluwi kinaogelea", jingine "kiluwiluwi anaogelea". Usisahihishe. Andika zote mbili ubaoni, kando uweke "kikombe kinaanguka" na "mtoto anaanguka", uwaulize kiluwiluwi yuko upande wa nani. Watatoa ushahidi kutoka kwenye chupa: anakula, anakua, anapumua, anakimbia ukigonga. Basi ni kama mtoto, anaogelea.

Ukiwa na bahati, mmoja atauliza: mbona mti nao unakula na kukua, lakini hatusemi "mti anakua"? Swali hili linastahili kipindi chake. Chora safu mbili, ya kwanza "Sayansi inasema kina uhai", ya pili "Kiswahili kinatumia a-, wa-". Watoto wajaze: mbu, mti, maharage, samaki, uyoga, jiwe, yai. Wataona kwamba orodha ya sayansi ni ndefu zaidi: kwenye a- na wa- Kiswahili kinaingiza watu na wanyama, mimea imeachwa nje ingawa iko hai. Yai litawatesa, tunasema "yai limepasuka" wakati ndani kuna kiumbe. Waache wabishane. Mimi upatanisho wa kisarufi niliufundishwa kwa kukariri majedwali, na sioni kwa nini watoto hawa wapitie huko.

Maiti zinazoelea

Siku ya tatu au ya nne kutatokea kelele: "Mwalimu, wamekufa!" Juu ya maji kutakuwa na vitu vyembamba, vyeupe, vyenye umbo la kiluwiluwi. Ni ngozi. Kiluwiluwi hujivua anapokua, mara nne mpaka awe pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu. Usiwaambie. Waulize walianza na wangapi, wahesabu walio hai, waandike. Idadi ikiwa ile ile, aliyekufa ni nani? Kila mtoto aandike sentensi yenye "Nilidhani… lakini…". Hapa ndipo ninapopata sentensi ndefu za kwanza za mwaka, bila kuamuru mtu aandike mistari mitano.

Kundi lenye macho makali litazame pia namna viluwiluwi wanavyokaa wakipumua. Wa ndoo yetu huning'inia kichwa chini, wamechomeka mrija wa hewa kwenye uso wa maji. Wa Anofelesi, mbu wa malaria, hana mrija mrefu. Hulala sambamba na uso wa maji. Ukimpata mmoja, mwalimu mwenyewe, kwenye dimbwi la maji ya mvua linalopigwa jua, mweke chupa ya peke yake. Neno "sambamba" watalihitaji hata kwenye Hisabati.

Sasa fungua kitabu

Vitabu visipotosha, andika kifungu kwenye manila. Changu ni hiki:

"Mbu jike hutaga mayai kwenye maji yaliyotulia. Mayai huanguliwa, viluwiluwi hutoka. Kiluwiluwi hula vitu vidogo vilivyomo majini na hujivua ngozi anapokua. Kisha hugeuka pupa. Pupa hali chakula. Baada ya siku mbili au tatu ngozi ya pupa hupasuka mgongoni, mbu hutoka, husimama juu ya maji kidogo, kisha huruka."

Tunasoma sentensi moja moja. Kila moja inawekewa alama: T kama tumeiona, B kama bado. "Pupa hali chakula" hupata B, na kundi fulani litataka kukaa macho juu ya pupa wake. Mtoto anayeweka T na B lazima aelewe anachosoma; hawezi kukwepa kama anavyokwepa maswali ya ufahamu kwa kunakili mstari. Kwa wanaosoma vizuri naongeza habari ya Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi India, ambaye tarehe 20 Agosti 1897 aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Wanapenda kusikia kwamba na yeye alikuwa na daftari.

Imla ya wiki inatoka kwenye vitenzi vya siku ya kwanza. Kwenye kusahihisha, chagua kosa moja la lugha kwa wiki, mfano herufi kubwa na nukta, mengine yaache. Daftari la uchunguzi likirudi limejaa wino mwekundu, kesho mtoto ataandika maneno matatu anayojua tahajia yake.

Mwisho wanaandika kwa mtu halisi. Mama anayeuza uji nje ya geti ana pipa la maji lisilo na mfuniko, kwa hiyo wanamwandikia barua: tumeona nini, inachukua siku ngapi, afanye nini. Barua inasomwa kwake na anaruhusiwa kuuliza. Sipendi ngonjera za malaria. Zinapendeza siku ya wazazi, lakini maneno yake ni ya mwalimu, mtoto anayabeba tu.

Ratiba na wakaguzi

Mthibiti ubora akija atataka andalio la somo. Andika mawili, la Sayansi lenye lengo lake na la Kiswahili lenye lengo lake, hata kama chupa ni ile ile. Omba vipindi hivyo viwili vifuatane kwenye ratiba. Kama Kiswahili kinafundishwa na mwingine, mpe orodha ya vitenzi Jumatatu asubuhi. Hilo tu linatosha kuanzia.

Mbu wa kwanza wakitoka, watazameni kupitia chandarua, kisha mwalimu aanike chupa juani bila kuzifungua mpaka wafe, ndipo maji yamwagwe kwenye mchanga mkavu, mbali na mtaro. Shule za baridi kama Lushoto au Njombe, ambako viluwiluwi hukua polepole, zitumie maharage: yaloweke usiku, yaweke kati ya pamba mbichi na ukuta wa glasi, na ukurasa wa Nimeona na Nadhani uanze siku hiyo hiyo, kabla mzizi haujatokeza.