Usigawe Diski Nusu kwa Nusu: Kupanga Nafasi ya Windows na Linux kwenye Laptopu Moja

Wengi wanaoniletea laptopu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, wakitaka Linux ikae pamoja na Windows huja na hesabu yao tayari: "Fundi, nigawie nusu kwa nusu." Hukataa. Kabla sijagusa kitu nauliza kwanza: kazi yako ipi haifanyiki kwenye Windows, na ipi haifanyiki kwenye Linux? Diski hugawanywa na jibu hilo.

Nauliza mapema kwa sababu mpaka ukishawekwa, kuusogeza ni shughuli. Patisheni, yaani kipande cha diski kilichotengwa, hurefuka kwa urahisi upande mmoja tu, upande wa kulia, kwenye nafasi tupu iliyopakana nayo. Nafasi ikiwa kushoto, data yote ya patisheni hiyo lazima ihamishwe kipande kwa kipande. Hapo utakaa sana, na umeme ukikatika katikati ya zoezi huku betri ya laptopu yako haishiki chaji, umepoteza kila kitu. Basi tupange mara moja.

Tuchukue diski ya GB 256, maana ndiyo ninayokutana nayo zaidi katika laptopu za mtumba. Windows itakuonyesha 238 tu. Hukupunjwa: mwenye kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows nayo huhesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Toa na zile patisheni ndogo zilizojificha: ya EFI, ambamo mashine huanzia kuwaka, kwa kawaida MB 100, ya akiba ya Microsoft, MB 16, na ya kufufulia Windows, ambayo mara nyingi haifiki GB 1. Una kama 237 za kugawa.

Microsoft inasema Windows 11 inataka diski isiyopungua GB 64. Ubuntu, aina ya Linux tutakayoiweka, wanapendekeza GB 25. Namba zote mbili ni za kuwasha mashine, si za kuifanyia kazi. Windows ikija na sasisho kubwa hutaka nafasi ya kutosha ya kupakulia na kuhifadhi toleo la zamani kwa muda, na ukiweka Office na picha za WhatsApp juu yake, 64 haitoshi. Mimi huipa 100. Linux huipa 50. Data ya pamoja, ile ambayo mifumo yote miwili itaisoma, 70. Zinabaki 17, na hizo siziandiki jina lolote. Naziacha tupu.

Mpangilio wake, kutoka kushoto kwenda kulia, ni huu: C ya Windows, kisha data ya pamoja, kisha Linux, kisha ile nafasi tupu. Linux ikijaa, inarefuka kulia kuila nafasi tupu, tena ext4, mfumo wa faili wa Linux, inakubali kurefushwa hata ikiwa inatumika. Windows ikijaa, unahamishia data kwenye diski ya nje, unaifuta patisheni ya katikati, unairefusha C, kisha unaitengeneza upya ile ya data ikiwa ndogo kidogo. Hakuna anayesukumwa kushoto. Ukiweka Linux mara tu baada ya C, kama programu ya kusakinisha inavyopenda kufanya yenyewe, Windows imeshafungiwa njia.

Namba hizo si msahafu. Kijana anayesoma programu kule Chuo Kikuu cha Kiufundi, Tudor, akiniambia anatumia Docker na Android Studio, zana za kutengenezea programu, namgeuzia mizani: Windows 80, Linux 110, data 35, akiba 12. Picha za Docker na simu za kuigiza hula GB kimyakimya. Mpiga picha za harusi ni habari nyingine. Programu za Adobe hazina toleo la Linux, kwa hiyo kazi yake yote iko Windows, na video za siku mbili za harusi ya Mji wa Kale zinaweza kujaza diski nzima. Huyo simgawii. Namwambia anunue diski ya pili, na kama laptopu ina nafasi ya ziada ya NVMe, ile diski ndogo ya kuchomeka ndani, Linux ikae huko peke yake. Na bwana anayetoa mizigo Kilindini, ambaye kazi yake ni Excel na barua pepe lakini kasikia habari za Linux, namwekea kwenye flashi ya GB 8 aijaribu bila kusakinisha chochote. Wengine huishia hapo wakaridhika.

Sasa kazi yenyewe. Nakili data yako nje kwanza, hilo halina mjadala. Kisha angalia BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo: laptopu nyingi zenye Windows 11 hujifunga zenyewe ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe huna habari. Ingia kwenye akaunti yako, uandike ule ufunguo wenye tarakimu 48 kwenye karatasi. Usiuhifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo.

C ipunguze ukiwa ndani ya Windows, kwa Disk Management, "Shrink Volume". Hapa ndipo watu hukwama. Diski ina GB 150 tupu, lakini Windows inakuambia unaweza kupunguza 9. Si uongo. Kuna faili ambazo hazisogezwi Windows ikiwa inafanya kazi, na moja ikikaa mwishoni mwa C, hapo ndipo kupunguza kunapokomea. Anza na hii, ukifungua Command Prompt kama msimamizi:

powercfg /h off

Amri hiyo hufuta hiberfil.sys, faili ya kuhifadhia kazi mashine ikilala, ambayo kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya RAM, na pia huzima ule uwashaji wa haraka. Uzimwe na ubaki umezimwa. Ukiwa umewashwa, Windows haizimiki kabisa, na Linux itakataa kuandika kwenye patisheni ya data. Kisha zima kwa muda pagefile (faili inayosaidia RAM) na System Protection (inayotunza nakala za kurudishia Windows nyuma), washa upya mashine, jaribu tena. Ukishapunguza, rudisha hizo mbili.

Kumbuka Disk Management inataka MB, na inauliza utoe ngapi, si ubakishe ngapi. Kwa mpango wetu wa kwanza unatoa 137 × 1,024, yaani 140,288. Patisheni ya data itengeneze hapohapo, kwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows ambao Linux pia huusoma, MB 71,680. Zinazofuata ziache tupu.

Ukiwasha flashi ya Ubuntu, ukiulizwa aina ya usakinishaji chagua kugawa kwa mkono. Lile chaguo la kufuta diski nzima linafanya kile linachosema. Tengeneza patisheni moja tu ya ext4 ya GB 50, uifunge kwenye "/", yaani mzizi wa mfumo mzima wa Linux. Hakikisha inaanzia mwanzo wa ile nafasi tupu ili akiba ibaki kulia kwake. EFI iliyopo itumie ilivyo, usiiformati. Windows inawakia humo. MB 100 zinatosha Ubuntu, ila Pop!_OS, aina nyingine ya Linux, huweka kerneli (kiini cha mfumo) humo na hutaka EFI kubwa zaidi. Kama programu haioni diski kabisa, ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla ya kuwaka, utazame kama kuna RST au VMD ya Intel, njia zake za kuendesha diski, iliyowashwa. Lakini usiibadilishe ovyo, Windows inaweza kugoma kuwaka.

Kutenga /home, sehemu ya faili zako, peke yake sipendi kwenye diski ndogo. Upande mmoja hujaa huku mwingine una GB 15 zimekaa bure. Patisheni ya swap, nafasi ya diski inayosaidia RAM, pia haina haja, Ubuntu hutumia faili ya swap. Ila kama unataka mashine ilale na kazi zote zikiwa wazi bila kula chaji, swap iwe angalau sawa na RAM: una RAM ya GB 8, ongeza Linux 8 kutoka kwenye akiba.

Baada ya masasisho ya kwanza endesha df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyotumika. Usishangae ukubwa na matumizi visipojumlika: ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi wa mfumo, yaani GB 2.5 hivi katika 50. "/" ikipita asilimia 80, usikimbilie kuirefusha. Ondoa kerneli za zamani kwa sudo apt autoremove, punguza kumbukumbu za mfumo kwa sudo journalctl --vacuum-size=200M, kisha tazama Snap, njia ya Ubuntu ya kusakinisha programu, maana huweka toleo la zamani la kila programu. Ikibaki palepale baada ya hayo, fungua GParted, programu ya Linux ya kugawa diski, uguse zile 17.