Piga bandi kwanza: namna ya kubadili mazoea yako mpaka yadumu

Mwaka 2019 nilimsindikiza yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, kwenye kituo cha afya hapa Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa. Muuguzi alipomaliza naye akanigeukia: "Mama, kaa basi nawe tukupime." Akanifunga ule mkanda mkononi, akasoma, akanyamaza, akapima tena. 178 kwa 104. Sikuwa naumwa kichwa, sikuwa na kizunguzungu, sikusikia chochote. Ndivyo tansio, yaani shinikizo la damu, ilivyo, haibishi hodi.

Nilikuwa na miaka 43, mashini mbili za kushona, wasichana wanne wa kufundisha, na mwili ambao kwa miaka mingi safari yake ndefu ilikuwa kutoka kwenye mashini mpaka kwenye pasi ya makaa. Usiku ule, kwa hofu, niliapa mambo saba kwa mpigo: chumvi basi, sukari basi, soda basi, kutembea kila alfajiri, kulala mapema, kutokasirika, kula mboga kila siku. Wiki ya pili nilikuwa nimesharudi kwenye chai ya vijiko vinne. Mwezi uliofuata nikaapa tena, nikaanguka tena. Nikaanza kuamini kwamba mimi ni mtu dhaifu, na imani hiyo ilinidhuru kuliko sukari yenyewe.

Siku moja nilimkaripia mwanafunzi aliyeshona mkono wa gauni moja kwa moja kwenye mashini bila kuupigia bandi. Asiyejua kushona ajue hivi: bandi ni mshono wa mkono, wa hatua ndefu na uzi legelege, wa kushikilia kitambaa mteja ajaribu. Bega likikaa vibaya, unavuta uzi mmoja tu, kitambaa hakijaumia. Nilipokuwa nasema maneno hayo nilisikia kwamba najisemesha mwenyewe. Maisha yangu yote mapya nilikuwa nimeyapeleka kwenye mashini siku ya kwanza.

Basi haya ndiyo niliyofanya baada ya hapo, na ndiyo ninayowaambia wanaokuja kuniuliza.

Chukua jambo moja, ulipunguze mpaka liwe dogo

Kati ya yale saba nilibaki na moja: kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Mimi sikuanza na 150. Nilianza na dakika tano, kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye kona ambapo mama mmoja anauza maandazi, kisha kurudi. Mume wangu aliuliza hiyo itasaidia nini. Kwa tansio, karibu hakuna. Lakini wiki zile za mwanzo sikuwa nafundisha moyo, nilikuwa nafundisha miguu na akili kwamba saa fulani ikifika, tunatoka. Dakika huongezeka baadaye bila shida. Kutoka mlangoni ndiko kugumu.

Kipimo changu ni hiki: jambo lako liwe dogo kiasi kwamba hata siku ambayo mtoto ana homa na umeme umekatika, bado unaweza kulifanya.

Lishone juu ya jambo ambalo tayari lipo

"Nitatembea zaidi" ni kitambaa kinachoelea, hakina pa kushikia. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kuhusu nguvu ya mpango wa namna ya "ikiwa hivi, basi vile": mtu anayetaja mapema ni wakati gani na mahali gani atafanya jambo, hulitimiza zaidi kuliko mwenye nia njema peke yake. Yaani unamaliza kuamua jana, leo huna cha kujadiliana.

Sentensi yangu ilikuwa hii, nimeiandika kwa chaki ya fundi kwenye ubao wa meza ya kukatia: "Nikishamwaga maji ya kunawa uso asubuhi, navaa viatu natoka." Si "saa kumi na mbili kamili", kwa sababu saa huteleza. Maji ya kunawa hayajawahi kukosa kumwagwa. Angalia siku yako, utaona mambo kama hayo ambayo hufanyika bila kukumbushwa: kufungua kufuli, kuwasha mbabula (jiko la makaa), kurudi kutoka misa, kuwavua watoto nguo za masomo. Chagua moja, ushone hapo.

Halafu fikiria kizuizi kabla hakijaja. Watu wengi huambiwa wajione tayari wamefanikiwa. Mimi huona ni bora ujione ukikwama. Bukavu mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na hizi njia zetu za mlimani zikilowa huteleza kama sabuni. Nikaongeza sentensi ya pili: "Ikinyesha, natembea ndani ya chumba cha kushonea mpaka nyimbo tatu za redio ziishe." Mvua ya kwanza ilipokuja sikuwa na la kuwaza.

Jikoni, hamisha vitu badala ya kugombana na ulimi

Miezi mitatu baadaye, kutembea kulipokuwa kumeanza kushika, ndipo nilipogusa chumvi. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nyumba nyingi zetu zinapoumia.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa mtu mzima kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, tena pamoja na ile iliyojificha ndani ya vyakula. Na imejificha kweli. Vile vipande vya mraba vya supu tunavyovunjia kwenye sombe (majani ya muhogo) na maharagi, karibu nusu yake ni chumvi. Makayabu, wale samaki wakavu, yamehifadhiwa kwa chumvi tupu. Ukitia kipande cha supu, makayabu, kisha chumvi ya kuonja, umeshapita kipimo kabla fufu haijafika mezani.

Nilipojaribu kujizuia kwa nguvu nilishindwa, kwa sababu mkono wangu ulikuwa ukienda wenyewe kwenye kopo la chumvi huku nikizungumza na watu. Mkono haukuwa unaniuliza. Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba tendo lililorudiwa mara nyingi huhamia kwenye sehemu za ndani za ubongo zinazoliendesha bila sisi kufikiri, ndiyo maana fundi anaweza kukanyaga mashini huku akipiga hadithi. Sasa mkono usiouliza hauzuiwi kwa maneno. Unauhamishia kopo.

Kopo kubwa likapanda juu ya kabati, linahitaji kiti. Chini nikaacha kikopo kidogo. Asubuhi natia humo vijiko vitatu vya chai, ni vya nyumba nzima ya watu sita mpaka usiku. Kikiisha kimeisha. Makayabu nayaloweka usiku kucha, namwaga maji, natia mengine, namwaga tena asubuhi. Vipande vya supu sikuvipiga marufuku, nilianza kuvunja nusu, kisha robo, mwisho sikununua tena. Ndimu, vitunguu vingi, pilipili na nyanya ndogo zilizokaangwa mpaka zishike chini ya sufuria zilifanya kazi ile. Sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, ukiwapaka ndimu na pilipili kabla ya kukaanga, hawadai chumvi nyingi.

Watoto walilalamika karibu mwezi mzima. Kisha ikawa kimya. Ulimi huzoea, lakini unahitaji majuma kadhaa, kwa hiyo usihukumu chakula chako siku ya nne. Krismasi tulialikwa kwa ndugu, binti yangu wa pili akaninong'oneza: "Mama, huku chumvi imezidi." Chumvi ilikuwa kama tuliyokula sisi mwaka uliotangulia.

Sukari nilifanya vivyo hivyo: nusu kijiko chini kila baada ya wiki mbili. Sina mengi ya kuongeza.

Unapotamani, hesabu pumzi

Hamu ya kitu hupanda, hufika kileleni, hushuka. Ukiweza kukaa nayo dakika chache bila kuitii, mara nyingi inapita. Mimi huvuta pumzi nikihesabu mpaka nne, naitoa polepole nikihesabu mpaka sita. Ni pumzi sita kwa dakika. Pumzi za taratibu hivyo hushusha moyo unaodunda, na zinaweza kupunguza tansio kidogo kwa muda. Nimezishona juu ya pasi: nikishatia makaa ndani, kabla haijapata moto, nasimama mlangoni nahesabu. Mteja anayenidai nguo ya harusi ambayo haijaisha atanikuta nimetulia zaidi kwa sababu ya zile dakika mbili.

Na maneno unayojiambia yabadilike. Zamani nilisema, "Nimekatazwa soda." Aliyekatazwa hungoja mlinzi ageuke. Sasa nasema, "Mimi sinywi soda," kama vile nisemavyo mimi ni mshonaji. Ukisema hivyo mbele za watu, hata kwenye msiba au harusi, hawakusumbui mara ya pili.

Lakini naomba hili lisikike vizuri: pumzi, kutembea na chumvi kidogo havikufuta dawa niliyoandikiwa. Nameza kila siku, baada tu ya kunawa uso. Nimezika jirani aliyeacha dawa kwa sababu alijisikia mzima. Ni daktari pekee anayepunguza, baada ya kupima.

Shona hesabu yako

Nilichukua kipande kirefu cha kitambaa cha amerikani, upana wa vidole vitatu, nikakitundika ukutani kando ya mashini. Kila siku niliyotembea nilipitisha pigo moja la uzi mwekundu. Siku niliyokosa niliacha nafasi. Hakuna nilichomwandikia mtu, lakini macho yanapenda mstari usiokatika, na jioni nyingine nilitoka kwa ajili ya ule uzi tu.

Watu husema zoea hushika kwa siku 21. Usiwaamini, utajilaumu bure siku ya 22. Watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 na kuona kwamba kwa wastani tendo jipya lilichukua siku 66 kuwa la kujiendea lenyewe, na kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Mambo mepesi kama kunywa maji yalishika upesi, mazoezi ya mwili yalichelewa. Kwangu, dawa baada ya kunawa ilishika ndani ya wiki tatu. Kutembea kulihesabu mapigo zaidi ya 150 kabla sijajikuta nimevaa viatu bila kukumbuka nilivivaa saa ngapi.

Utafiti ule ule uliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi. Nafasi moja nyeupe kwenye amerikani si kitu. Kanuni yangu ni kutoruhusu nafasi mbili zifuatane.

Mshono ukifumuka

Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, tulijifungia. Sikutembea. Sikupika nilivyotaka, tulikula kilichokuwepo. Zile nafasi nyeupe hazikuwa moja wala mbili. Na jambo lililonishangaza ni jinsi mazoea ya zamani yalivyorudi haraka: sukari vijiko vinne, chumvi ya kurushia juu ya chakula kilichoiva, kukesha.

Kila mshonaji anajua kwamba ukifumua mshono, matundu ya sindano hubaki kwenye kitambaa. Zoea la zamani halifutiki, linafunikwa na jipya, na siku kitambaa kikivutwa kwa nguvu, kinafuata matundu yale ya kwanza. Kujua hivyo kuliniondolea aibu, nikaacha kujiita dhaifu. Lakini mshono mpya nao huacha matundu yake. Nilipoweza kutoka tena sikuanza na dakika 40 nilizokuwa nimezifikia. Nilirudi kwenye dakika tano, mpaka kwenye kona ya maandazi, na ndani ya wiki tatu miguu ilikuwa imekumbuka njia yote ya kwenda Nyawera na kurudi.

Kilichobaki siku zile zote mbaya ni dawa na pumzi, kwa kuwa viwili hivyo havikuhitaji barabara wala soko. Kwa hiyo siku hizi namshauri kila mtu awe na angalau zoea moja lisilotegemea mahali, analoweza kulibeba hata kama amelala kwa watu.

Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa 132 kwa 84. Amerikani ya kwanza ilijaa, hii iliyo ukutani ni ya nne. Alfajiri yaya hupita kunichukua, maana naye muuguzi alimpima tena. Yeye bado yuko kwenye dakika tano, basi tunakwenda pamoja mpaka kwenye maandazi, yeye anageuka, mimi naendelea.