Somo: Oili inavuja juu ya injini? Badili gasketi ya tapet kava kabla hujaambiwa ununue injini

Habari zenu wadau. Kuna magari mengi hapa Mbeya oili imetapakaa nyuma ya injini na mwenye gari ameshaambiwa injini imechoka, aanze kutafuta nyingine. Naomba kabla hujatoa hela yako usome hapa mpaka mwisho, maana mara nyingi kinachovuja ni ule mpira wa gasketi ya tapet kava (kile kifuniko cha juu kabisa cha injini), kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye spana namba 10 na subira. Natumia injini ya Toyota 1NZ kama mfano kwasababu ndo imejaa kwenye IST, Vitz, Probox na Succeed zinazopiga ruti huku kwetu.

Dalili ya kwanza utaisikia puani. Kwenye 1NZ ekzosi iko upande wa nyuma, kule kwenye ukuta wa kabini, sasa oili ikichuruzika inadondokea pale kwenye moto na harufu ya kuungua inaingia ndani kupitia matundu ya hewa. Utaisikia zaidi ukitoka kupanda Mlima Nyoka au Kitonga ukasimama. Dalili nyingine ni oili kupungua kwenye kijiti cha kupimia na chini ya gari hakuna hata tone, kwasababu inaungulia juu huko huko. Na sili za mashimo ya plagi zikichoka nazo, oili inajaa kwenye mashimo, gari inaanza kumisi na taa ya check engine inawaka, watu wanaishia kubadili koili ambayo haikuwa na shida.

Gasketi hii ni mpira, imepikwa na joto la injini miaka na miaka tangu gari iko Japani. Inakauka, inakuwa ngumu, haisukumi tena kwenye chuma. Ndo maana asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba utaona inavuja zaidi gari ikiwashwa, halafu injini ikipata moto inapungua kidogo. Mwenye gari anadhani imejitibu, wala, mpira mgumu ukipoa unasinyaa tu.

Hakikisha kwanza inavujia wapi. Oili inashuka na upepo unaipeleka nyuma, kwahiyo usiangalie palipolowa sana, angalia sehemu ya juu kabisa palipolowa. Osha injini ikiwa imepoa, usimwagie maji kwenye koili na alteneta, ikauke, kisha paka poda ya mtoto kuzunguka ukingo wote wa tapet kava, tembea mwendo wa Soweto mpaka Uyole hapa Mbeya na kurudi, fungua boneti. Poda itakuonyesha mstari wenyewe. Angalia pia ile valvu ya VVT-i (mfumo unaotumia oili kubadili muda wa valvu kufunguka) pembeni ya kichwa cha injini, ina oringi yake nayo inavuja sana kwenye hizi gari, na watu wanaisingizia tapet kava.

Vifaa: seti ya gasketi yenye sili 4 za plagi humo humo (usinunue gasketi peke yake ukaacha sili za zamani, utarudi kufungua), silikoni nyeusi ya injini tubu ndogo, breki klina, matambara safi yasiyotoa nyuzi, racheti ndogo na boksi namba 10, ekstensheni, na boksi la plagi namba 16. Ukienda dukani beba gasketi ya zamani au namba ya chasisi. Ikunje ile mpya mkononi: nzuri inakunjika na kurudi, na haina mistari ya kupasuka kwenye kona. Iliyokaa dukani juani utaijua, ina ugumu wa plastiki.

Injini iwe imepoa kabisa, usiku mzima ni bora. Toa terminali ya negativu ya betri. Toa kava la plastiki juu, na kama boksi la ea klina linakuzuia litoe nalo, kisha ziba mdomo wa throtoli kwa tambara safi. Koili zina bolti moja moja ya namba 10, chomoa soketi zake taratibu maana vile vishikio vimekauka na vinakatika, ziweke kwa mpangilio ulivyozitoa. Plagi ziache humo humo kwenye mashimo yake, zinazuia uchafu kuingia kwenye silinda. Kama mashimo yana oili, inyonye kwanza na tambara kwenye bisibisi, ndio baadae ukitaka kubadili plagi uzitoe.

Chomoa mipira ya hewa iliyounganishwa na kava, ile ya PCV (valvu ndogo inayotoa presha ndani ya injini) na ile ya kwenda ea klina. Kabla hujalegeza bolti hata moja, safisha mchanga wote ulioganda kuzunguka kava. Vumbi letu la barabara za ndani likichanganyika na oili linakuwa kama saruji, ukinyanyua kava na hilo vumbi linaingia juu ya kemshafti (shafti inayofungua valvu), na huko hakuna filta. Hapa usiharakishe hata kama mteja anapiga simu.

Sasa bolti. 1NZ ina bolti 9 na nati 2, zote namba 10. Zilegeze kidogo kidogo kwa kuzunguka, anzia pembeni kuja katikati. Kava likigoma ligonge na mpini wa mbao, usipenyeze bisibisi kati ya alumini na alumini, utachora njia ya oili ya kudumu.

Ukilitoa utaona ile gasketi imelala kwenye mfereji wake. Ichomoe, ikunje: ikikatika pwaa basi umeshapata jibu lako. Toa silikoni yote ya zamani kwa kipande cha plastiki ngumu, si kwa kisu, si kwa msasa. Futa mfereji na uso wa kichwa cha injini na breki klina iliyopulizwa kwenye tambara, usipulize moja kwa moja ndani. Kazi nzima iko hapa. Uso ukiwa na utepe mwembamba wa oili hata gasketi ya bei gani itavuja.

Silikoni inakaa sehemu mbili tu: pale kava la taimingi cheni linapokutana na kichwa cha injini, kushoto na kulia, tone dogo kila upande. Basi. Nasema hivi kwa uchungu kabisa kwasababu mtindo wa kupaka silikoni gasketi nzima unaua injini za watu. Ile ya nje unaiona imetoka imependeza, ya ndani nayo imetoka kwenda ndani, inakatika vipande, inashuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inakosa oili taratibu, mwenye gari anapigwa bei ya injini, na hakuna anayekumbuka ile silikoni.

Ukishaweka tone usikae, ndani ya dakika 3 kava liwe limekaa. Hakikisha gasketi haijachomoka kwenye mfereji, hasa upande wa nyuma usikoona, pitisha kidole. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, mizunguko miwili mitatu, mpaka Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Nm 10 ni ndogo. Kama huna toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) shika racheti ndogo karibu kabisa na kichwa chake, ukisikia bolti imekaa ongeza kidogo tu uache. Nyuzi za alumini zikichunika kazi inakuwa nyingine kabisa. Rudisha mipira, koili, ea klina. Toyota wanasema subiri kama masaa 2 kabla ya kuweka oili, ila kwa baridi ya huku mimi nalaza gari hadi asubuhi, silikoni kwenye baridi inachelewa kukauka.

MASWALI YA WADAU

Dereva wa Probox, Mafinga: Kamwene fundi. Mimi nimeshauriwa niweke oili nzito ya 20W-50 ili uvujaji upungue, niende nayo mpaka msimu wa viazi uishe. Inafaa?

Kamwene kaka. Oili nzito haizibi gasketi iliyokufa, inachelewesha tu. Na Mafinga asubuhi kuna baridi kali, oili nzito inachelewa kupanda juu kwenye kemshafti, na VVT-i inategemea oili ipite kwenye njia nyembamba. Baki kwenye 5W-30, angalia kijiti kila asubuhi na uongeze, mpaka upate nafasi ya kubadili.

Mdau wa Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo mkuu. Nimebadili jana kama ulivyosema ila bado inatoa moshi na harufu, nimekosea wapi?

Inawezekana hujakosea popote. Ile oili iliyoganda kwenye ekzosi lazima iungue iishe, siku mbili tatu za kutembea. Ukitaka iishe haraka osha ekzosi ikiwa ya baridi. Harufu ikizidi wiki, rudia ile ya poda.

Dada mmoja wa Iringa mjini: Kaka samahani, gari yangu imebadilishwa gasketi mara mbili na fundi tofauti tofauti, na kila mara inarudi kuvuja pale pale. Ni gasketi feki?

Pole dada. Inaweza kuwa feki, ila kabla hujanunua ya tatu mwambie fundi achomoe PCV aitikise. Ikiwa nzima inalia ndani, ikiziba iko kimya. PCV ikiziba presha inajaa ndani ya injini na inatafuta pa kutokea, itaisukuma gasketi hata iwe jenuini. Kitu kidogo, bei rahisi, na wengi hawaigusi. Baada ya hapo alaze kava juu ya kioo aangalie kama limepinda, hasa kama aliyetangulia alikaza kwa nguvu.

Kijana anayejifunza gereji, Mbalizi: Shikamoo fundi. Noah yenye injini ya 3S utaratibu ni huu huu?

Marahaba mwanangu. Wazo ni lile lile, ila pale kava linashikwa na nati 4 kubwa kwenye mashimo ya plagi, utahitaji boksi namba 30, na chini ya hizo nati kuna sili zake, badili zote. Pia 3S ina zile gasketi za nusu mwezi kwenye kichwa cha injini. Hizo zinapakwa silikoni, na ndo zinasahaulika, halafu gari inavuja kwenye kona moja na watu wanazunguka wiki nzima. Zitoe, safisha kitanda chake, paka, rudisha. Na anza na gari ambayo mwenyewe hana haraka nayo.